Mpira Nilioupisha

Mwaka wa pili baada ya nchi kupata uhuru, nilikuwa golikipa wa shule yetu ya msingi, upande wa Msambweni, na pia msomaji wa Maulidi. Kazi zote mbili nilizipata kwa sababu moja: nilikuwa mrefu na sikuwa na haraka. Mwalimu mkuu alimpenda kipa anayegusa mwamba wa juu bila kuruka, na maalim wangu wa chuo cha Kurani alimpenda mtoto asiyekimbia na maneno. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa urefu ule, ingawa ulinitia katika taabu ninayotaka kuieleza.

Maulidi ya kijiji chetu yalipangwa kuwa Jumamosi asubuhi, katika Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, na maalim alinipa mlango mzima wa kitabu niusome peke yangu mbele ya watu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupewa jambo hilo. Bibi yangu mzaa mama alitoka Kikoneni kwa miguu, na kapu la mchele kichwani, akakaa kwetu wiki nzima. Kila jioni alinisomesha huku akipeta mchele. Hakujua kusoma, lakini nikikosea alijua.

Siku ya Jumatatu mwalimu mkuu alitutangazia kwamba Jumatano tutacheza mpira na shule ya Diani, hapo kwetu, na atakayeshinda atakwenda kucheza Kinango siku ya Jumamosi.

"Na kila mchezaji achukue maji yake ya kunywa," alisema. "Kinango maji ni ya shida."

Mwalimu mkuu alikuwa Mkristo kutoka bara, mtu mwema sana, na kalenda yetu hakuijua. Wala hakuna aliyemwambia. Sisi hatukulelewa kumrekebisha mkubwa, tena akiwa amesimama. Tuliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha tukaenda nyuma ya darasa kushauriana jinsi ya kufungwa. Wenzangu hawakuhitaji kubembelezwa, kwani Jumamosi kulikuwa na pilau.

Mimi nafsi ilinisumbua. Jioni nilimfuata maalim.

"Maalim, mtu akikubali kufungwa mpirani kwa makusudi, ni dhambi?"

Maalim alivua miwani. "Ni udanganyifu. Wenzio wanadhani unashindana nao, kumbe unawacheza shere. Bila shaka ni dhambi." Akaifuta miwani kwa pindo la kanzu. "Kwa nini unauliza?"

"Tukishinda Jumatano, Jumamosi tutakwenda Kinango."

"Jumamosi hii?"

"Ndiyo, maalim."

Aliendelea kuifuta miwani, ingawa ilikwisha kutakata. "Hata hivyo," alisema, "kipa si malaika. Mpira mwingine hupita."

Nilikwenda zangu na nusu ya fatwa, nikalala vizuri.

Jambo tulilolisahau ni desturi yetu wenyewe. Huku kwetu kijiji hakisomi Maulidi peke yake. Hualika majirani, na majirani huja na matari yao. Mwaka ule tuliwaalika watu wa Diani, na wapiga matari wao walikuwa vijana walewale wa timu ya mpira. Nao walikuwa wameambiwa na mwalimu wao habari ya Kinango na ya maji. Nao walikuwa wameshauriana nyuma ya darasa lao.

Mchezo ule sijauona mfano wake tena. Mshambuliaji wao alipopata mpira, aliutazama kama kitu kilichodondoshwa na mtu mwingine, akampa beki wetu. Beki wetu alimshukuru, akamrudishia. Watu waliozunguka uwanja walidhani ni adabu ya Mfungo Sita, wakavumilia kipindi cha kwanza. Cha pili walianza kuzomea.

"Enyi, mnachezea mayai?" mzee mmoja aliuliza.

Zilipobaki dakika chache, beki wetu alichoka kungoja. Aliudaka mpira kwa mikono miwili mbele ya goli letu, kisha akamkabidhi refa, ili refa asiwe na shaka. Ikawa penalti.

Nahodha wa Diani ndiye aliyekuja kupiga. Aliuweka mpira chini, akainama akijifanya anausafisha.

"Utasimama upande gani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Upande usiokuja mpira."

"Wewe, mimi ndiye mpiga tari wenu Jumamosi. Udake."

"Nami ndiye msomaji. Sidaki."

Alinitazama kwa huruma. "Basi sote tuna taabu."

Refa akapiga filimbi. Nahodha alikusudia kupiga nje, na aliniapia hivyo baadaye, lakini mguu wake haukuwa umezoea nje. Mpira ulikuja moja kwa moja kwangu, polepole, ukirukaruka juu ya vishimo. Nilikuwa na nafasi ya kusema bismillahi, na sikuisema, kwa kuwa niliijua nia yangu. Niliinua mguu wa kulia kama mtu anayempisha kuku mlangoni. Mpira ukapita.

Kisha nikasikia sauti ya bibi yangu kutoka katikati ya wanawake.

"Jua limemwingia machoni, masikini."

Tangu asubuhi kulikuwa na mawingu. Lakini bibi aliyarudia maneno hayo kisimani siku ya Alhamisi, na Ijumaa tena, hata wanawake wakaanza kuniletea dawa za macho.

Jumamosi, vijana wa Diani walikuja kupanda lori la kijiji chetu kwenda Kinango, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakipita mbele ya sufuria zetu za pilau bila kugeuza shingo. Matari yetu yalipigwa na wazee watatu, kila mmoja na mapigo yake. Mwalimu mkuu alialikwa pia, akaketi kwenye mkeka wa mbele na soksi zake safi.

Zamu yangu ilifika. Nilisoma vizuri, na bibi alikuwa nyuma ya pazia akinifuata kwa midomo. Nikafika mahali panapoelezwa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla hata ya kupewa utume, watu wa Makka walimwita Mwaminifu na kuweka amana zao kwake. Neno hilo lilinikataa. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Maalim alidhani nimesahau, akaninong'oneza. Nilijaribu tena, machozi yakanitoka.

"Mtazameni," mtu alisema. "Mapenzi ya Mtume hayo."

Watu wakamswalia Mtume kwa sauti kubwa, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikamaliza mlango kwa kwikwi nikisifiwa kila mstari. Nilipokea mikono ya pongezi kama mwizi anayepewa zawadi. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi.

"Bibi, ule mpira niliuona."

Alinitazama machoni. "Uliuona vizuri?"

"Vizuri, bibi. Niliupisha."

"Basi nimewadanganya wanawake wote wa kisimani," alisema. "Na watu wa Kikoneni nao nimekwisha kuwapelekea habari ya jua. Twende."

Akanishika mkono, akanipeleka kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa katikati ya kula pilau. Nikamweleza yote, pamoja na sababu. Aliweka tonge chini.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza. "Ningeisogeza mechi. Ni kuandika barua moja tu."

Maalim, aliyekuwa ameketi karibu, alivua miwani. "Mtoto aliniuliza," alisema polepole. "Nilimjibu kama mtu mwenye msomaji mmoja."

Jioni lori lilirudi. Vijana wa Diani walikuwa wamefungwa matano, kwa haki kabisa, kwani maji waliyamaliza njiani. Bibi alimwambia dereva asimame, akawateremsha wote.

"Shikamoo, bibi," walisema kwa sauti kavu.

"Marahaba. Mjukuu wangu ana neno nanyi."

Nikaomba radhi mbele yao, bila kutaja jua. Pilau ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa sahani yangu, niliyoshindwa kuila, na ukoko wa sufuria mbili. Nahodha alivitazama, akatazama wenzake kumi.

"Ulinionea," alisema, akaketi.

Walipokwisha kukwangua sufuria, bibi aliwaletea matari, akaniambia niurudie mlango wangu kwa ajili ya waliokosa. Maalim akaja kuketi nyuma yangu, na safari hii hakuninong'oneza. Nahodha alipiga tari huku bado akitafuna. Nikafika kwenye neno lile, nikavuta pumzi, nikalisoma likatoka lote. Bibi, kando ya sufuria, alikwisha kulisema kabla yangu.