Jicho la mtoto linawaka jeupe kwenye kila kamera ninayojaribu

Admin, naomba ufiche jina langu na jina la mtaa wetu. Ninachoandika hapa sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Nimebadilisha jicho la mtoto mchanga kwenye picha. Picha hiyo sasa imetundikwa ukutani kwao, na ninaogopa kwamba nimeficha ugonjwa.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Naishi Manyoni kwa mama mdogo, ambaye ana studio ya picha. Mimi ni mtu wa aibu, nikiongea mbele za watu sauti inakauka. Ndiyo maana napenda kukaa nyuma ya kamera, wateja wanajiangalia wao, hawaniangalii mimi.

Kamera yetu ni ya zamani. Picha ndogo za pasipoti inatoa vizuri, lakini ukikuza picha ya harusi iwe ya kutundika sebuleni, sura zinakuwa kama zimemwagiwa mchanga. Bibi harusi mmoja alirudisha fremu yake mbele ya watu, akasema amelipia uso, hajalipia ukungu. Mama mdogo aliumia sana. Akaongea na muuzaji wa Dodoma anayetuletea karatasi za picha, naye akatuachia kamera mbili zenye megapikseli nyingi tuzijaribu, tubaki na moja. Mama mdogo akanikabidhi zote mbili.

"Wewe ndiye uliyesoma fizikia," akasema. "Chagua. Ukikosea tutakula hiyo fizikia yako."

Ili nizilinganishe nilihitaji mtu mmoja wa kupiga kwa kamera zote, kiti kilekile, mwanga uleule. Nikamwomba jirani yetu, dada fundi cherehani ambaye nitamwita Neema, aniletee mwanawe. Mtoto hajafikisha mwaka. Neema alikaa kwenye ndoa muda mrefu akisemwa kwa kukosa mtoto, na huyu ndiye wa kwanza. Alisita, kwa sababu mama mkwe wake amekataza kabisa mtoto asipigwe flashi, anasema mwanga ule unaharibu macho ya watoto. Lakini alitamani picha. Mama mkwe alipokwenda shamba, Neema akamleta mtoto, akaniomba nisiseme kwamba nimetumia flashi. Nikakubali.

Kamera ya kwanza ndiyo yenye megapikseli nyingi zaidi. Picha zake ni nzito mpaka kompyuta yetu inakwama, zinafunguka polepole kutoka juu kwenda chini. Nikaona kofia, nikaona paji la uso, kisha macho. Jicho la kulia lilikuwa na ile nukta nyekundu ya flashi tuliyoizoea. La kushoto lilikuwa jeupe katikati, linang'aa kama kioo. Nikamwita mama mdogo. Akasema hiyo kamera ni mbovu, irudi ilikotoka, tuchukue ile nyingine. Nilifurahi kwamba kuchagua kumekuwa rahisi. Nikafungua picha za kamera ya pili. Jicho lilelile la kushoto, jeupe vilevile.

Mama mdogo akampigia muuzaji, naye akacheka, akasema flashi zote zinachezea macho, tusafishe tu kwa kompyuta. Basi nikaambiwa ninakili jicho la kulia, niondoe wekundu, niligeuze, nilibandike juu ya la kushoto. Nililibandika vizuri mno. Neema alipoona picha yake machozi yalimtoka. "Hata mimi sijawahi kumwona mwanangu hivi," akasema. Nilitazama chini.

Baadaye nilitafuta mtandaoni. Nimesoma kwamba jicho moja la mtoto likiwaka jeupe kwenye picha, huenda ni namna tu mwanga ulivyopiga. Lakini pia huenda ni mtoto wa jicho, au uvimbe ndani ya jicho, ule unaoweza kuua, na kwamba apelekwe haraka kwa daktari wa macho kwa sababu ukiwahiwa unatibika. Nilifunga simu.

Jana Neema aliniachia mtoto huku anampima mteja nguo. Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, kama mchezo, akacheka. Nikamziba la kulia, lile zima, akalia na kuusukuma mkono wangu. Nikarudia. Akalia tena.

"We binti, unamfinya mwanangu eti?" Neema akatania kutoka ndani.

"Hapana, dada," nikasema. Nikamrudishia mtoto wake.

Nikisema, mama mkwe atasema ni flashi yetu iliyompofusha, na Neema ndiye aliyemleta kwa kificho. Watamrudisha kwao. Hakuna atakayeleta tena mtoto studio kwa mama mdogo. Nimesoma kwamba flashi haisababishi kitu hicho, lakini nani atanisikiliza mimi? Na kama nimekosea, nitakuwa nimevunja nyumba ya watu bure. Nikinyamaza, kila siku namwona anambeba anapita mlangoni, ananipungia mkono wa mtoto.

Jumamosi muuzaji anakuja kuchukua kamera moja. Mama mdogo ameniambia nitaje ninayochagua na nifute picha zote za majaribio. Kamera yoyote nitakayotaja ni sawa, zote zinaona. Picha sijazifuta, ninaogopa kuzifuta na ninaogopa kukutwa nazo.

Nishaurini ndugu zangu, nimwambie nani kwanza, na nianzeje? Kama kuna aliyenitambua, nakuomba kwa Mungu usinitaje, wala usimtaje huyu dada kwa mama mkwe wake. Naye huwa anasoma ukurasa huu. Dada, kama umejijua, usije kuniuliza, mpeleke mtoto hospitali. Wengine wote, tafadhali, siri hii mtutunzie.