Handaki la Kurekodia

Kwaya zote za upande wa Rhotia zinamfahamu Modest, maana hakuna kwaya aliyoirekodi bila kuigombeza. Mtu akikohoa, wanarudia. Kiti kikilia, wanarudia. Upepo wa Karatu, magari ya watalii yanayopita kwenda Ngorongoro, mashine ya kusaga ya jirani, vyote alivichukia kama nzi kwenye chai. Alirekodia sebuleni, na mkewe Lusia alikuwa ameshachoka kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na kumbe chini ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na handaki. Babu wa babu yake alilichimba ubavuni mwa kilima ili kuficha ng'ombe na watoto wavamizi wanapokuja, kama Wairaqw wengi walivyofanya enzi zile. Nyumba ya tofali ilijengwa juu yake baadaye, handaki likabaki la kuwekea viazi na majembe mabovu. Miaka yote hiyo Modest hakulitupia hata jicho.

Kilichomfumbua macho ni ugonjwa wa baba yake. Sauti ya Mzee Josephati ilianza kukwaruza wakati wa kuvuna ngano. Akajitibu kwa asali mpaka asali ikashindwa. Daktari wa Moshi alipompima hakuzungusha maneno: kuna uvimbe kooni, utakatwa, na sauti itaondoka nao. Akapangiwa Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Sasa, sauti ya mzee huyu haikuwa ya kupiga soga tu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza slufay, ile dua ndefu ya Kiiraqw ambayo mzee mmoja huisema mstari kwa mstari huku watu wakimwitikia. Harusi, nyumba mpya, mvua za kwanza, kote alifuatwa yeye. Hakuna aliyebaki anayeijua yote kama yeye, wala haikuandikwa popote, na harusi ya mdogo wake Modest ilikuwa imeshapangwa. Modest alimrekodi uani kwa simu. Alipoisikiliza akakuta upepo mtupu, na kwa mbali mtu kama ananong'ona. Akakaa akashika tama. Ndipo akalikumbuka handaki.

Akamwita Filbert, fundi seremala aliyetoka Singida kuchuma kahawa mashambani akaishia kutengeneza milango. Filbert alichungulia mle ndani akauliza kama wanamjengea popo. Hata hivyo kazi aliifanya. Walipiga fremu za mbao, ukuta ndani ya ukuta, wakajaza mabua ya ngano katikati kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Wiki haikwisha, panya wakahamia ukoo mzima, na maikrofoni haikunasa kitu ila mikwaruzo. Mabua yakatolewa yote. Lusia, bila kuombwa, akaenda kwa mwanamke mmoja anayesali naye ambaye hufanya kazi kwenye loji ya watalii, akarudi na pikapu imejaa magodoro yaliyochakaa. Modest alipoona yanashushwa machozi yalimtoka, na wala hakugeuka pembeni. Wakayajaza ukutani mahali pa mabua. Milango waliweka miwili, kila mmoja umezungushiwa mpira wa tairi. Filbert akajifungia ndani akaimba nyimbo zote za Kinyaturu anazozijua. Lusia, aliyekuwa nje, hakusikia hata moja, akasema sauti ya Filbert inafaa kuimbia humo humo.

Nafasi iliyobaki ilitosha mtu mmoja na maikrofoni, basi. Modest aliona hivyo ndivyo hasa alivyotaka.

Jumamosi, siku mbili kabla ya upasuaji, mzee aliingia akaketi kwenye kigoda. Modest alikuwa juu sebuleni, kwenye kompyuta, hedifoni masikioni. Mstari wa kwanza ulikuja unakwaruza lakini safi, neno kwa neno, naye akafumba macho kwa furaha. Kisha kimya. Mstari ule ule tena. Kimya. Mara ya tatu mzee aliishia katikati, na Modest akashuka mbio akidhani koo limemshinda.

“Koo halina neno,” mzee alisema. “Hakuna anayeniitikia.”

Modest akamweleza kwamba aseme tu peke yake, waitikiaji atawarekodi wiki ijayo na kuwaunganisha kwenye kompyuta, wala hakuna atakayegundua.

“Mimi naomba, wao wanakubali, ndipo nasonga mbele. Wasipokubali nitasongaje?”

Hilo Modest alilijua tangu utotoni; aliitikia slufay kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini wiki sita za kufukuza sauti zilikuwa zimemsahaulisha kwamba nusu ya dua iko kwa hao hao wanaokohoa. Aliona aibu, halafu akajicheka, akamwita Filbert aje na mtaimbo.

Ukuta wa ndani waliuvunja kwa nusu saa. Filbert aling'oa mbao zake mwenyewe akinung'unika, ila ilipojulikana kwamba watu wanahitajika alikuwa wa kwanza kukaa, na lugha si yake. Lusia akapita kwa majirani waliokuwa wakichambua maharage. Mwenye mashine ya kusaga akaizima mwenyewe, wateja wakiwa foleni, akaja na unga kwenye nyusi. Wakabanana juu ya magodoro, goti kwa goti, joto kama la jikoni.

Modest akageuka ili arudi juu.

“Wewe unakwenda wapi?” baba yake akauliza. “Vua hayo madude ya masikioni, ukae hapa uniitikie.”

Akakaa. Mzee akaomba kwa dakika arobaini: mvua, mifugo, watoto, wagonjwa, hata wageni wanaopita barabarani. Watu walikohoa, na hakuna kilichorudiwa. Ilipokwisha Modest aliwashika mikono mmoja mmoja, na Lusia akawashukuru kwa niaba yake na kuwapa chai.

Upasuaji ulikwenda salama, Mungu asifiwe. Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, kitambaa shingoni, daftari na kalamu mfukoni. Modest akamvisha hedifoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaandika: Huyu anayeitikia pembeni yangu ni nani?

“Ni mimi, Baba.”

Safari hii mzee alichukua muda kuandika. Lusia ndiye aliyesoma kwanza, akaziba mdomo kwa mkono, akampa mumewe daftari. Iliandikwa: Nilidhani ni marehemu baba yangu. Harusi ya mdogo wako utaongoza wewe. Mimi nitakaa na wanaoitikia.