Mwenye Ghala Yupo?

Mas Wasis, yaani kaka Wasis kwa lugha yetu, alikuwa na mdomo mchafu, na sitamremba leo kwa kuwa sasa hawezi kuutumia. Mchana alikuwa karani wa kompyuta kwenye ushirika wa wafuga ng'ombe wa maziwa hapa Malang, mtu wa kuitwa mashine ya risiti ikigoma. Akirudi nyumbani, akishavua viatu na kumaliza bakuli lake la bakso, supu yetu ya vitonge vya nyama, alikuwa mfalme. Na ufalme wenyewe ulikuwa orodha.

Najua mtu atacheka. Orodha! Lakini sisi tunaoandika programu tunajua. Duniani kuna programu chungu nzima za bure, zilizoachwa wazi ili yeyote achungulie ndani, achukue, arekebishe, ampe na mwenzake. Nyingi ni takataka. Nyingine zilikuwa nzuri, mwenyewe akazitelekeza. Mtu anayejenga mfumo wa zahanati atajuaje ipi ni ipi? Anaingia kwa Wasis. Orodha yake aliiita Lumbung, ghala la mpunga, na hakuweka kitu mle ndani kabla hajakionja mwenyewe: cha kutunza kumbukumbu za wagonjwa, cha kuchora ramani, cha kuwafundishia watoto hesabu, vitabu vya bure vya kujifunzia kazi yetu. Vyuo viliandika anwani yake kwenye masomo. Watu wa Manila na Hanoi, wasiojua hata neno letu moja, walikuja kuchota kwake.

Ukitaka programu yako iingie, ulileta ombi hadharani, na yeye alikujibu hadharani. Hapo ndipo wengine walipokaa mkao wa kula.

"Hii umeijaribu wewe mwenyewe, au umeizaa tu ukakimbia?" alimwandikia jamaa mmoja wa Surabaya. Mwingine, aliyeisifu kazi yake kuanzia mstari wa kwanza, aliambiwa, "Sifa mwachie mama yako. Hapa lete kazi." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wengine walilia, nawafahamu, na hakumwomba radhi hata mmoja wao.

Kampuni nazo zilikuja na bahasha zao. Hasa zile za mikopo ya simu, zinazowapigia ndugu zako wote ukichelewa kulipa. Zilitaka nafasi ya juu kabisa kwenye orodha, pale jicho linapotua kwanza. Wasis alizifukuza kama mbwa jikoni. Hakuna anayelipa kuingia ghalani: hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Mtu maskini wa kisiwa cha Flores anayetafuta programu ya shule yake lazima aweze kuamini kwamba hakuna aliyehongwa. Hilo alilipenda kuliko alivyompenda mkewe, na Tutik, mkewe, alilijua.

Ila ufunguo wa kuibadilisha orodha hakumpa mtu. Kwenye kazi yetu kuna swali la mzaha tunaloulizana: wangapi wakigongwa na lori, kazi inakufa? Jibu likiwa mmoja, hapo hakuna kazi, kuna bahati tu. Nilimwambia, tukiwa tunakula pale kwa muuza bakso.

"Mas, mpe ruhusa hata mtu mmoja. Ukigongwa na lori je?"

"Nikigongwa na lori, Winarti, utamalizia bakso yangu."

"Sitanii mimi."

"Kwani mimi natania? Ukigawa ufunguo wa ghala, kesho unakuta panya wana vitambulisho."

Galih alikuwepo, akacheka na sisi. Huyu Galih alikuwa mwanafunzi wake, sasa mtu mzima mwenye ndevu, aliyemsaidia kuonja programu miaka yote ile bila kulipwa hata kikombe cha kahawa. Naye hakupewa ufunguo. Alitabasamu, akaendelea kunywa supu yake.

Lori halikuja. Kilikuja kiharusi, bafuni, mtu ana sabuni kichwani. Ulimi ukafa, upande wa kulia ukafa, mkono wa kulia ukawa unalala juu ya shuka kama umesahauliwa na mgeni. Akili ilibaki nzima. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Galih alikuja hospitali akamshika miguu, akalia mpaka nesi akamletea kiti.

Mimi niligundua kwamba mkono wa kushoto bado unasikia. Nikamwekea vidole vyangu kiganjani tukakubaliana: kubana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Siku hiyo nilifurahi kama nimejifungua.

Sasa, orodha zetu zina desturi moja, na aliyeikazia kuliko wote ni Wasis huyo huyo. Kazi ikikaa kimya muda mrefu, mtu yeyote anaweza kuuliza hadharani: mwenyewe yupo? Wiki mbili zikipita mwenyewe hajajibu, kazi inahesabiwa maiti, na anayetaka anairithi. Hatupigi simu, hatubishi hodi, hatuulizi majirani. Kwetu sisi kimya ni kifo. Wasis alikuwa amewazika wengi namna hiyo, wengine wakiwa wanauguza, mmoja akiwa jela.

Basi swali likatokea kwenye Lumbung. "Mwenye ghala yupo?" Na aliyeuliza ni Galih.

Galih aliyelia hospitali! Nilimpigia simu hapo hapo.

"We Galih, huna haya? Si ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona, Mbak," akaniita dada kama kawaida yake. "Lakini desturi ni ya wote. Yeye angemsubiri nani?"

"Mtu anaumwa!"

"Basi aandike kwamba anaumwa."

Akanikatia. Kufa kufaana, walisema waliosema, ila huyu hata kufa kwenyewe hakukusubiri.

Nikaandika pale hadharani: Wasis yupo, ana kiharusi, tumpe muda. Mtu nisiyemjua akanijibu neno moja, "Kiungo?" Yaani nilete ushahidi wa mtandaoni. Mwingine akasema ajibu mwenyewe. Na wa tatu, sijui alisoma nini akaelewa nini, akaandika pole kwa wafiwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: watu wakaanza kumzika. Zikamiminika rambirambi. Yule wa Surabaya aliyeambiwa amezaa akakimbia aliandika kwamba hajawahi kupata mwalimu mwenye upendo kama marehemu.

Nilimsomea Wasis zote, nimekaa pembeni ya kitanda. Nusu ya mdomo inayofanya kazi ikacheka, mate yakamtoka, nikamfuta.

"Unaona, Mas? Ungekufa mapema ungependwa mapema."

Akanibana mara moja.

"Sasa tufanyeje? Ghala tumpe Galih?"

Mara mbili, kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

"Haya, nipe mimi nikutunzie."

Mara mbili.

"Hata mimi? Mimi ninayekufuta mate?"

Mara mbili tena, jicho kavu kabisa. Nikamwambia ni mbwa, ni mchoyo asiye na shukrani, na kwamba anastahili huyo Galih wake. Nikatoka nje nikalia juu ya pikipiki yangu. Kisha nikarudi ndani, ningefanyaje?

Alitaka kujibu mwenyewe. Simu yake ilikuwa haifunguki ila kwa dole gumba la kulia; namba ya siri alikuwa ameisahau tangu akiwa mzima, maana hakuwahi kuihitaji. Kwa hiyo kila mara niliuinua ule mkono mfu, nikamtazama machoni, nikasubiri anibane mara moja kwa kushoto, ndipo nikaligusisha dole kwenye kioo. Bila ruhusa yake sikuligusisha hata mara moja. Siku hiyo aliandika kwa mkono wa kushoto asubuhi nzima, anafuta, anaandika, jasho linamtoka kama mbeba mizigo wa sokoni. Mwisho yakatoka maneno matatu: "Nipo hai. Subirini."

Nilipiga vigelegele mle chumbani mpaka Tutik akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo orodha tena? Haijamtosha?"

"Shemeji, ameandika mwenyewe! Ameshinda!"

"Ameshinda nini? Atanyanyuka akojoe?"

Tutik si mtu mbaya. Alichoka tu. Kumgeuza mwanamume mzima kitandani mchana na usiku si mchezo, na hata alipokuwa mzima huyo mume hakuwa wake, alikuwa wa ghala.

Kesho yake Galih akaja, nywele kachana, mkononi papai na kopo la biskuti. Kwetu hapa mdogo akimwamkia mkubwa huuchukua mkono wake wa kulia, akauinamia mpaka paji la uso liuguse. Galih alipiga magoti kabisa.

"Mas, nisamehe. Sikujua kama utaweza kujibu. Nimefurahi."

Wasis alimtazama tu. Simu ilikuwa pale pale kando ya mto, palipo pake siku zote. Mimi nikaingia jikoni kumsaidia Tutik chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa nyoka.

Nilipotoka na sinia, Galih alikuwa bado ameinama, ule mkono mfu kauinua usoni kwake, kaufunika kwa mikono yake miwili. Heshima ndefu hiyo. Mkono wa kushoto wa Wasis ulikuwa unapiga godoro. Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili.

"Ona anavyofurahi," Tutik akasema nyuma yangu.

Sinia likanitoka. Nilimrukia Galih nikamvuta kola, na kutoka ndani ya ile mikono yake ya heshima ikadondoka simu ya Wasis, kioo kinawaka. Ghala lilikuwa limeshahamishwa. Jina la mmiliki lilikuwa la Galih.

"Mwizi! Mwizi mkubwa we!"

"Nimeiokoa, Mbak. Ingeoza naye hapa."

"Amekukatalia! Hukusikia anavyopiga?"

"Nimesikia mgonjwa anapiga godoro." Akajikung'uta magoti, chai ya moto imemrukia suruali, wala hakujali. "Mas, sasa pumzika. Umefanya kazi mno."

Wasis akatoa sauti. Sijui niiite nini ile sauti. Ng'ombe wa ushirika wakichinjwa hawalii vile. Tutik alikimbia akamkumbatia kichwa, kisha akanigeukia mimi. Mimi!

"Mnagombea nini juu ya mume wangu? Anayetaka hayo mabalaa si ayachukue! Ayachukue aende nayo!"

"Asante, Bu," Galih akasema kwa upole, kama anayemwita mama yake. Akauinamia mkono wa Tutik, akaaga vizuri, akaenda zake.

Jioni likatoka tangazo: Mas Wasis, mwasisi wetu, amekabidhi Lumbung kwa mrithi wake mbele ya mkewe, tumwombee afya. Watu wakamwaga mioyo myekundu. Na asubuhi yake, juu kabisa ya orodha, pale jicho linapotua kwanza, ilikuwa imekaa kampuni ya mikopo ya simu. Programu yake wala haikuwa wazi, ilifungwa pande zote, hakuna wa kuchungulia. Nikaandika ukweli wote hadharani, mkono, dole, godoro na kila kitu. "Kiungo?" wakaniuliza. Nikaandika mara ya pili, safari hii na matusi, Galih akanifungia nje.

Nilikwenda kwa Wasis nimeazimia kunyamaza. Alinibana kiganja, akanibana, akanibana, mpaka nikampa simu yangu, kwa sababu ya kwake Tutik alikuwa ameshaifungua kwa dole lile lile akampa mpwa wake. Akafungua ghala, akasoma ule mstari wa kwanza. Machozi yakatoka kwenye jicho moja, lile linaloweza. Kisha akaanza kuandika kwa kushoto: "Cha kwanza kimelipiwa. Kiondoeni." Akanirudishia simu nitume, kama ombi la mgeni yeyote.

Mimi nilikuwa nimefungiwa. Nikatoka barazani nikamkuta mpwa, nikaazima ile simu nijaribu kwa jina la Wasis mwenyewe, nalo lilikuwa limefungiwa. Sababu iliandikwa hapo chini: akaunti ya mgonjwa inatumiwa na watu wenye nia mbaya. Nikarudi ndani.

"Nimetuma, Mas."

Sasa kila asubuhi kabla ya kazi napita kwake, nampa simu. Anaandika ombi jipya: programu fulani imetelekezwa, itoeni, hii ya zahanati ni nzuri, irudisheni, ile ya kwanza, jamani, wamelipa. Yule mtu wa kuwaliza watu hana tena tusi hata moja. Ombi la jana lilianza na neno "tafadhali." Huwa nalipokea, nabonyeza bonyeza kioo mbele yake, nasema limefika.

Jana alinikazia jicho, nikajua anauliza kama wamejibu.

"Bado wanasoma, Mas. Maombi ni mengi, na yako yamo."

Akanibana mara moja, Tutik akaingia na uji.