Fundi Sikio na Upepo wa Silinda ya Tatu

Haya nimesimuliwa na mke wa fundi mwenyewe, Ijumaa iliyopita, tukianua nguo.

Saa mbili asubuhi mumewe ameketi kwenye sakafu ya gereji, ametulia kidogo kabla ya kuinua spana. Magoti yanamlalamikia, na mgongo wake siku hizi haukubali kunyooka mpaka saa nne. Wenzake humwita Fundi Sikio. Miaka thelathini na moja amesikiliza injini kama mkunga asikilizavyo tumbo.

Gari lililo mbele yake ni la mama mmoja dereva wa teksi. Linatetemeka, na mlima halipandi. Fundi wa kwanza alimwambia injini imekufa, anunue nyingine. Mama huyo hana gari jingine, wala kazi nyingine.

Fundi Sikio amekwisha kupima kwa geji: silinda zote zinabana vizuri, ila ya tatu. Sasa ataisukumia upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, asikilize unakotorokea. Ukivuma kwenye tundu la oili, ringi za pistoni zimekwisha, injini ni ya kufumuliwa yote. Ukivuma kwenye njia ya hewa, ni valvu tu, na valvu husagwa ikaziba tena.

Gari la gia za mkono ungelitia gia, ukavuta breki, injini ikatulia. Hili ni otomatiki, halina gia ya kuishikilia. Upepo ukiingia, pistoni inasukumwa chini na kipimo kinaharibika. Lazima mtu akae pale gurudumu lilipotolewa, aishikilie boliti kubwa ya injini kwa spana, mikono yote miwili, isizunguke.

Na anayebana huko chini hawezi kusikiliza huku juu.

Mama anakunja mikono ya blauzi, anasema atabana yeye, fundi asikilize. Hapo ndipo ulipo mtihani. Mwaka wa pili huu masikio ya fundi hayashiki sauti nyembamba, na hajamwambia mtu. Mtu aitwaye Sikio ataanzia wapi? Lakini akikisia, injini ya watu itaishia kwenye chuma chakavu.

Anaishika spana mwenyewe.

"Dada yangu, sikiliza wewe. Mimi sisikii tena."

Mama anadhani ni mzaha, mpaka anapomwona hacheki. Anainama. Kwenye tundu la oili anasema ni kama pumzi ya mtoto aliyelala. Fundi anamwomba arudie kwa nguvu, kisha anasema pumzi ndogo hiyo ni kawaida. Kwenye ekzosi, bomba la moshi, kimya. Kwenye njia ya hewa anashtuka.

"Hapa kuna nyoka, fundi. Anafoka."

"Basi ni valvu. Injini yako haijafa."

Mama anaketi juu ya tairi, anajifuta uso kwa kanga yake. Baadaye anasema, "Kumbe jina lako limenihamia mimi."

Jioni fundi alimweleza mkewe yote. Jumatatu atakwenda kupimwa masikio; ikishindikana, atabana spana na mwenye gari asikilize, kazi itaendelea hivyo hivyo.

"Mwaka mzima napaza sauti humu ndani," mkewe akamwambia. "Ulidhani nagombana na nani?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa, akajinyoosha kitandani na viatu vyake. Mkewe akavivua. Akamwuliza taratibu kama atakula. Hakujibu. Mke hakujua kama ni usingizi au ni masikio, akamfunika, akazima taa, naye akalala.