Firmin Hakuandikwa kwenye Jiwe

Sisi watoto wa kuokotwa tuliletwa huku milima ya Morvan kwa treni kutoka Paris tungali wachanga, wanawake wa huku wakatunyonyesha. Mimi, Zélie, nililetwa hivyo, na miaka mingi kabla yangu aliletwa Firmin, nyumba hiyohiyo. Jina lake kamili ni Célestin Firmin, ila Célestin hakuna aliyelitumia. Firmin ni jina la ubatizo kama majina mengine. Karani wa Paris alimpa tu liwe la ukoo, maana ukoo hakuwa nao. Kuna Firmin askofu aliyekatwa kichwa kule Amiens, padri humtaja kila Septemba. Kuna Firmin fundi wa viatu vya mbao kijiji cha pili, mlevi. Halafu kuna wa kwetu.

Mama Léontine Gauthé, aliyetulea na mumewe tuliyemwita baba, alimnyonyesha pamoja na mwanawe wa kumzaa, Anselme, huyu ziwa la kulia, yule la kushoto. Anselme alikuwa msemaji. Firmin alikuwa na shingo nene na maneno machache, lakini kwa maksai alikuwa na sauti. Huku maksai wasipoimbiwa hawalimi, husimama tu. Firmin akilima, wanawake mtoni waliacha kufua wamsikilize. Watoto wa kijiji walimzomea, "Paris mdogo! Paris mdogo!" Yeye aliokota tope akawarushia bila hasira, kama mtu anayelisha kuku.

Vita iliwachukua wote wawili. Anselme alifia Verdun. Firmin alifia karibu na Amiens, na padri akasema basi amelala kwa askofu wake.

Vita ilipokwisha, kijiji kikachonga jiwe la majina ya waliokufa vitani, lisimame mbele ya kanisa. Mama akavaa kofia yake nyeupe ya Jumapili akaenda kwa meya, Bwana Bonnardot. Nilimfuata na kikapu cha mayai.

"Anselme yupo, Léontine, usihofu," meya alisema. "Herufi zimeingia ndani, hata mvua haizifuti."

"Na Firmin?"

"Firmin nani?"

"Usinichezee, Bonnardot. Kila mavuno ulikuwa unakuja kuniazima Firmin. Ndama wako alipokwama tumboni, nani aliingiza mkono?"

Meya alikuna shavu. "Namjua, mama. Ila jiwe ni la koo za hapa. Hilo jina halina baba nyuma yake. Nikimwandika yeye, kesho nitaambiwa niwaandike Paris wote. Kwani Paris hawana mawe yao?"

"Paris walimtupa mlangoni mwa watu. Kinyesi chake nilifuta mimi."

"Basi mwandike moyoni," alisema, akacheka. Kisha aliutazama uso wa mama, akaacha.

Mayai tulirudi nayo. Njiani mama akasema, "Siku ya jiwe utaitwa wewe kumjibia Anselme. Usijibu."

"Mama, baba ataniua."

"Baba niachie mimi. Wewe funga mdomo, kazi yenyewe unaijua."

Siku hiyo meya alisoma majina, na kila jina mtoto wa nyumba ile alijibu kwa sauti, "Amekufa kwa ajili ya Ufaransa." Zamu yetu ikafika.

"Gauthé, Anselme."

Nikatazama viatu vyangu. Meya akarudia. Nilisikia watu wakigeuka, na baba akipumua kwa nguvu kando yangu.

"Nimelea wawili," mama alisema. "Mkiita wawili, wawili watajibiwa."

"Kichaa huyu!" mjane wa msaga nafaka alipiga kelele. "Damu yako mwenyewe unainyima jibu kwa ajili ya mtoto wa jalalani?"

Meya akakohoa, akasoma jina lililofuata. Mtoto wa jirani akajibu mbiombio.

Baba hakumpiga mtu, si mimi wala mama. Alibaki kanisani peke yake, na aliporudi alichukua sahani yake akaenda kulia chakula zizini. Hata kulala alilala huko. Mtoni wanawake walihamisha nguo zao mama alipofika. Haikupita muda akaja msimamizi wa watoto wa Paris na gari lake la farasi. Alikuwa ameambiwa kwamba nyumba yetu imeharibika na mtoto wa serikali hawezi kulelewa humo. Lakini meya ametoa njia: Jumapili mama asimame mbele ya kanisa, aseme alikosea kumlinganisha Firmin na watoto wa koo. Akisema hivyo, nitabaki.

Mama alikuwa anakata mkate wa shayiri. Hakuacha kukata.

"Zélie, nikaseme?"

Nilitaka kubaki. Nilitaka sana. Nikatikisa kichwa, hapana.

"Umeona, bwana," mama alimwambia msimamizi. "Sitasema."

Nguo zangu ziliingia kwenye kitambaa kimoja. Baba alisimama mlango wa zizi, hakutoka. Mama alinipandisha garini mwenyewe, akanivutia shali shingoni kama vile nina kikohozi.

"Una neno la mwisho?" msimamizi aliuliza.

"Anaogopa mbwa," mama alisema. "Waambie huko unakompeleka."

Msimamizi akasema atawaambia, akampiga farasi.