Makaroni ya Mzee Cheche

Jumapili hiyo mwanawe wa kwanza alikuwa anakuja kumchukua, na Mzee Cheche alimjibu kwenye simu kwamba aje na njaa.

Kumchukua. Ndilo neno walilolitumia, kana kwamba mtu ni friji. Huko kwa mwanawe, ghorofa ya nne, chumba kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa. Karakana ingefungwa, nyumba ingepangishwa, na fundi ambaye nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake angewekwa kwenye kochi, akiulizwa kila saa kama anataka chai. Na kosa lake ni nini? Macho. Moto wa kuchomelea vyuma uliyala taratibu, kwa sababu ujanani aliiona miwani ya kazi kuwa ni ya waoga. Sasa katikati aliona ukungu mtupu, pembeni ndiko kulikobaki na mwanga. Akitaka kukuona uso, ilibidi akugeuzie sikio, kama kuku anayekagua punje.

Mwanawe alikuwa mhasibu, mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimuudhi mzee zaidi. Huwezi kupigana na mtu anayekuonea huruma. Lakini katika kubishana, mhasibu aliponzwa na ulimi: alisema mtu asiyeweza kujipikia hawezi kuishi peke yake. Mzee Cheche akalibana neno hilo kama koleo linavyobana chuma. Je, akijipikia? Tena si uji, wala yai la kuchemsha. Atawapikia makaroni ya jibini, yale ya kuokwa, yenye ganda juu, kama ya marehemu mama yao. Wakila wakashiba, anabaki. Mhasibu akacheka, akakubali, kama watu wanavyomkubalia mtoto anayesema atanunua ndege.

Shida ni kwamba mzee hakuwahi kuyapika. Kazi yake katika makaroni ilikuwa kula na kusifu. Basi alimwita dada yake mdogo, mshonaji, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, amsimulie hatua zote. Masharti yalikuwa asimulie tu, asiguse hata kijiko.

"Kwa hiyo nimekuja kuwa redio," dada akasema, akavuta kiti.

"Redio huzimwa ikizidi. Endelea."

Jiko la gesi alikwisha kulirekebisha mwenyewe. Kitufe cha oveni, ambacho alama zake hakuweza kuzisoma, alikuwa amekitoa na kukitengenezea kingine cha chuma, chenye mikato mitatu ya kupapasa kwa kidole gumba: moto mdogo, wa kati, mkali. Makaroni aliyapima kwa meno. Alitoa moja kwenye maji yanayochemka, akaling'ata, akasema bado, akang'ata jingine, mpaka dada akauliza kama wageni wataachiwa chochote. Akayachuja. Akayeyusha siagi, akatia unga wa ngano, kisha maziwa kidogo kidogo, akikoroga kwa mwendo ule ule wa mkono uliopitisha moto kwenye maungio ya vyuma maisha yake yote: polepole, bila kuruka mahali, bila kuinua. Rojo likatoka laini, halina donge hata moja. Dada akainamia sufuria kutafuta donge, akarudi kitini bila kulipata.

Kwenye kuparuza jibini alijiparuza na kidole.

"Damu imeingia?" dada akauliza.

"Ikiingia ni ya ukoo. Haitawadhuru."

Akachanganya vyote, akamimina kwenye bakuli la kioo alilozawadiwa na mkwe wake, lililokuwa bado ndani ya boksi. Akanyunyiza juu jibini iliyobaki na chenga za mkate mkavu, akalisukumia ndani ya oveni.

Mhasibu na mkewe walipofika, nyumba nzima ilikuwa ikinukia. Mhasibu alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Mzee akavaa glavu zake za ngozi za karakana, akatoa bakuli, akagonga ganda kwa mgongo wa kijiko. Likalia kavu. Lilikuwa limeiva sawasawa, na kama angeliweka mezani, mambo yangeishia hapo.

Lakini rojo lilikuwa limefurika kidogo, likawa linaungua na kulia chwaa chini ya bakuli. Mkono wa fundi vyuma haumwulizi mwenyewe. Kitu cha moto kinacholia huenda majini. Ndivyo ulivyofanya tangu ulipokuwa wa kijana. Pale kwenye sinki palikuwa na beseni la maji ya kuoshea vyombo. Mzee akatumbukiza tako la bakuli ndani yake.

Kioo kikapasuka vipande. Makaroni yakatulia majini, na ganda lake likaelea juu kama mlango uliong'oka.

Mkwe akawa wa kwanza kusogea na kitambaa, na mzee akanyoosha mkono kumzuia.

"Baba," mhasibu akasema kwa ule upole wake, "unaona lakini?"

"Sioni. Ndiyo maana mmekuja."

"Ungeumia, Baba."

"Sikiliza, mwanangu. Bakuli halikuvunjwa na macho. Limevunjwa na mazoea. Fundi mwenye macho manne angelitia majini vilevile. Wewe uligongesha gari la ofisini kwenye ukuta, mchana kweupe. Nani alikuja kukuhamisha kwako?"

Dada mtu alikohoa ili asicheke. Mhasibu akatazama chini.

Mzee akaokota vipande vyote kwa glavu, akapapasa beseni mpaka akaridhika. Kisha akatoka kwenda karakana, wao nyuma yake. Akavuta kipande cha bati safi la chuma kisichoshika kutu, akalipima kwa viganja, akalikunja kingo moja baada ya nyingine kwenye ukingo wa meza, akipigapiga pembe kwa nyundo na kuzifuata kwa kidole. Hakukosea pigo hata moja. Sinia lilipotimia, akalipeleka kuliosha.

"Makaroni makavu bado yapo ya kutosha kupika upya," akasema. "Jibini imekwisha. Nenda dukani ukaniletee."

Mhasibu akamtazama mkewe. "Nani, mimi?"

"Kwani nimezaa wangapi walio hapa? Na usidhani nakutuma kwa sababu siwezi kwenda. Duka nalijua, naenda kila siku. Nakutuma kwa sababu mimi ni baba yako."

Akaenda. Mtu mzima, mwenye tai, akavuka barabara kama alivyokuwa akitumwa sukari zamani, na aliporudi aliulizwa mbona amechelewa.

Walikula jua likiwa limeshainama, na njaa ikiwa imewashika kweli. Upande mmoja ganda liliungua. Mzee alilijua kwa harufu kabla hajalikata, na akajikatia yeye huo upande. Mkwe aliongeza sahani ya pili, na alipomaliza akasema waziwazi, akimtazama mumewe, kwamba yeye ameshiba.

Mhasibu alizungusha uma wake kwa muda. "Na siku ukianguka humu peke yako?"

"Nitaanguka. Wewe huanguki? Nitaamka, au nitapiga kelele, majirani wana masikio. Lakini nitaangukia kwangu."

Wakati wa kuondoka, mhasibu alisimama getini, funguo za gari mkononi, kiti cha pembeni kitupu. Akasema kwamba atapita Jumatano kuangalia hali.

"Pita," Mzee Cheche akasema, akimgeuzia sikio ili amwone vizuri. "Lakini ubishe hodi."