Kikosi cha Akiba cha Sajini

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Mimi, mwalimu wa historia kutoka Bukoba, nilikwenda Ngenge kubishana na Mzee Rwegoshora, sajini aliyepigana vita vya Kagera.

“Tata,” nilimwambia, yaani baba kwa Kihaya, “makamanda wenu walichelewa mno kuvuka mto.”

Hakukasirika. Alimwaga punje za kahawa ya kutafuna mkekani, akazipanga kama vikosi: hawa wanangoja daraja, hawa wanazunguka kinamasi. Kumbe kule kungoja kuliokoa watu! Nilimkodolea macho kwa kustaajabu, na kwa mazoea ya Uhayani, ambako mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, nikawa naokota punje, natafuna.

Alipofikia shambulio la mwisho, akapapasa mkeka.

“Mwalimu, kikosi changu cha akiba kiko wapi?”

Niliacha kutafuna. Kilikuwa mdomoni mwangu.